SOMO LA MUZIKI: MDUNDO WA SAWA NA MDUNDO WA SWINGI



Munakumbuka siku ile ya yenga kwaya yetu ilipoanguka mbele ya kanisa lote. Wale ambao hawakuwa pale walisikia habari, na wengine wameongeza chumvi yao. Hatutaki kuficha kitu. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, maana tuliimba kwa sauti tu, bila vyombo. Kwa ubeti wa pili batri iliingia, gitare mbili zikaingia, na palepale wimbo ukaanza kuyumba kama chukudu yenye gurudumu bovu. Soprano walifuata gitare, besi walifuata batri. Kwa ubeti wa tatu mwongozaji alishusha mikono, tukanyamaza. Watoto wa kiti cha mbele wakacheka.

Kisha ibada, nyuma ya kanisa, maneno yalikuwa makali. Mpiga batri wetu ni mmoja wa wenzetu waliofika hapa pamoja na familia zao mwaka wa 2022, wakati watu wengi wa Rutshuru walipokimbia vita na kujaa Kanyaruchinya. Mmoja wetu akasema: "Huyu hajue kupiga. Kwao wanapigaka tu ovyo." Yeye akajibu kwa sauti ndogo: "Mi napiga vile ninyi munaimba. Mujisikilize." Akaondoka. Juma mbili hakuonekana kwa mazoezi, na wenzake wanne wa besi walibaki naye.

Sisi tunaoandika somo hili tulikuwa upande wa gitare, na sisi ndio tulikuwa wa kwanza kumlaumu. Leo tunaandika kwa sababu tumechunguza jambo hili polepole, tukaona kwamba tulimhukumu bure. Tunataka kila mutu wa kwaya, na kila mutu anayepiga chombo, aelewe namna lilivyokuwa, kusudi lisiturudilie.

1. PIGO NA VIPANDE VYAKE

Tuanze na jambo ambalo kila mutu anajua. Wimbo una mapigo. Pigo ni pale muguu wako unapogonga chini wenyewe, bila kuuambia. Kama mapigo yanakwenda mbio, tunasema wimbo uko na mwendo wa mbio. Kama yanachelewa, tunasema wimbo ni wa polepole. Siku ile ya yenga mapigo yetu yote yalikuwa pamoja. Muguu wa batri na muguu wa gitare viligonga kwa saa moja. Kwa hiyo yule aliyesema "batri inakimbia" hakusema kweli, na yule aliyesema "gitare zinachelewa" hakusema kweli vilevile.

Ubaya ulikuwa ndani ya pigo. Kati ya pigo moja na lile linalofuata kuna nafasi, na nafasi ile tunaweza kuikata kwa namna zaidi ya moja. Mutu anayesikiliza hawezi kuhesabu vipande hivyo, lakini mwili wake unavisikia. Ndivyo anavyojua kama atatembea, ataruka, au atayumba.

2. KINU CHA SOMBE

Hakuna mutu hapa ambaye hajaona mama wakitwanga sombe. Basi, somo lote liko ndani ya kinu kile.

Kama mama wawili wanatwanga kwa kinu kimoja, muchi wa kwanza unashuka, wa pili unashuka, wa kwanza, wa pili. Nafasi zao ni sawasawa. Kama sivyo, michi itagongana. Huo ndio MDUNDO WA SAWA. Pigo limekatwa mara mbili, na vipande viwili vinalingana. Tuseme kwa kinywa: KI-NU, KI-NU, KI-NU.

Sasa mama wa tatu anafika. Wanatwanga watatu kwa zamu, na pigo linakatwa mara tatu: KI-NU-NI, KI-NU-NI. Hapo tuko kwa mdundo wa tatu-tatu, ule wa makofi na ngoma za harusi nyingi za huku kwetu. Walimu wa muziki wanaotumia Kifaransa wanaita kukata kwa mbili "bineri" na kukata kwa tatu "terneri".

Haya, angalieni vizuri. Mama wa katikati anachoka. Anashika muchi wake juu, hapigi, lakini hatoki kwenye kinu. Wenzake wawili hawachukui nafasi yake, wanaiacha wazi. Sasa tunasikia nini? Tunasikia KI... NI, KI... NI. Sauti ya kwanza inakuwa ndefu, ya pili fupi. Ndefu-fupi, ndefu-fupi, kama mutu anayechechemea kwa furaha. Huo ndio MDUNDO WA SWINGI. Sauti ziko mbili tu kama kwa mdundo wa sawa, lakini zimewekwa juu ya vipande vitatu, na kile cha katikati kimenyamaza.

Wengi wetu tunafikiri swingi ni kupiga noti ya pili kwa kuchelewa kidogo, kila mutu vile anavyojisikia. Sivyo. Nafasi ya mama wa katikati lazima ihesabiwe moyoni. Kama watu kumi wanaihesabu, noti fupi ya wote kumi itaanguka pamoja. Kama hawaihesabu, kila mutu ataweka noti fupi pahali pake, na mutapata kelele.

3. HESABU YAKE

Wenzetu wa sekisio ya sayansi wataomba namba. Tuchukue wimbo wa mapigo 120 kwa dakika. Pigo moja ni nusu ya sekonde, yaani 0,50. Kwa mdundo wa sawa, noti ya pili inafika kisha 0,25 ya sekonde. Kwa swingi ya mbili kwa moja (noti ndefu ni mara mbili ya ile fupi), noti ya pili inafika kisha 0,33. Tofauti ni 0,08 tu. Ni sehemu nane za mia za sekonde! Kwa jambo hilo dogo kwaya nzima ilianguka. Musicheke: sikio la mutu linasikia vizuri nafasi hiyo, kwa sababu inarudi kwa kila pigo. Kwa dakika moja michi inagongana mara 120.

Lakini musidhani kwamba swingi ni mbili kwa moja siku zote. Mwaka wa 2002 watafiti wawili wa Sweden, Anders Friberg na Andreas Sundström, walitoa majibu ya kazi yao ya kupima diski za wapigaji wa jazi. Waliona mambo matatu ambayo yanatufaa.

La kwanza: kwa mwendo wa polepole wapiga batri walivuta noti ndefu sana, hata mara tatu na nusu ya ile fupi. Kadiri mwendo ulivyozidi, noti mbili zilikaribiana mpaka zikawa karibu sawa.

La pili: kuanzia mwendo wa katikati mpaka ule wa mbio, noti fupi haikubadilika sana. Ilibaki karibu sehemu moja ya kumi ya sekonde. Fanyeni hesabu wenyewe. Kwa mapigo 240 kwa dakika, pigo ni 0,25. Ukitoa 0,10 ya noti fupi, inabaki 0,15 kwa ile ndefu: moja na nusu kwa moja. Kwa mapigo 300, pigo ni 0,20. Toa 0,10, inabaki 0,10. Zimekuwa sawa! Basi, mutu anayelazimisha swingi kwa wimbo wa mbio sana anajichokesha bure.

La tatu, na hili lilitugusa sana: mpigaji aliye mbele mara nyingi alichelewa kidogo kwa noti ya pigo lenyewe, kisha batri. Lakini kwa noti fupi alirudi kukutana na batri barabara. Kumbe hata mabingwa hawafuatani kwa kila kitu. Pahali wanapokutana ni ile noti fupi.

4. MUZIKI GANI UNATEMBEA SAWA?

Rumba yetu ya Kongo inatembea sawa. Tangu miaka ya 1930 diski za Kuba zilifika kwetu, na wapigaji wa Léopoldville wakasikia ndani yake ngoma zilizotoka Afrika zamani kwa njia ya utumwa. Wakazichukua na kuzifanya zao. Tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba kati ya urithi wa utamaduni wa dunia, kwa jina la Kongo zote mbili.

Ndani ya rumba nyingi kuna ufunguo unaoitwa klave. Tuugawe mzunguko wa mapigo manne kwa vipande 16 vilivyo sawasawa, vinne kwa kila pigo. X ni kugonga, nukta ni kunyamaza:

X . . X . . X . . . X . X . . .

Gongeni juu ya meza kwa kalamu, muguu ukishika mapigo manne. Munaona? Kila X ina chumba chake. Mukianza kurefusha chumba kimoja na kufupisha kingine, ufunguo hauingii tena kwa kufuli. Na kwa sebene, pale gitare zinapozunguka mbio na watu wanasimama kucheza, ni vilevile: vipande vidogo vinakwenda sawa kama mbegu za mahindi kwa mstari. Hata kwa makanisa yetu, nyimbo nyingi za kusifu zenye sebene ni za namna hii.

Majina yasiwadanganye. Joseph Kabasele aliunda kundi la African Jazz mwaka wa 1953, na OK Jazz ya Franco na wenzake ilizaliwa mwaka wa 1956. Neno "Jazz" liko kwa jina, kwani siku zile lilikuwa neno la kisasa, la kuvutia watu. Lakini kitu walichopiga zaidi ni rumba, na rumba inatembea sawa.

5. NA SWINGI INATOKA WAPI?

Swingi ya jina hilo ilikomaa Marekani, kati ya wapigaji weusi wa jazi, miaka ya 1920 na 1930. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta, alifundisha wengi kwa sikio tu. Duke Ellington alitia kwa diski mwaka wa 1932 wimbo wenye neno hilo ndani ya kichwa chake, na wimbo huo ulisaidia neno kuenea. Armstrong mwenyewe alifika kwetu: mwisho wa mwezi wa kumi 1960, miezi minne tu kisha uhuru, alipiga Léopoldville, na mwezi uliofuata akapiga Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi.

Jambo la kushika ni hili: wapigaji wale wakiandika muziki wao kwa karatasi, wanaandika noti mbili zilizo sawa. Wakipiga, wanapiga ndefu-fupi. Karatasi inasema KI-NU, mikono inasema KI... NI. Na si wao wa kwanza. Zamani kule Ufaransa, mwaka wa 1716, mpiga kinanda François Couperin alieleza kwa kitabu chake kwamba Wafaransa wanaandika muziki tofauti na vile wanavyoupiga, maana noti zilizoandikwa sawa walizipiga zisizo sawa. Basi, karatasi haitoshi. Karatasi inakupa noti. Namna ya kutembea unaipata kwa sikio, kutoka kwa watu.

Tena swingi si hesabu peke yake. Kuna uzito pia: makofi yanakaa kwa pigo la pili na la nne, na noti fupi inasukuma ile ndefu inayokuja. Mutu anaweza kupima vipande vyake vizuri na bado kukauka kama ubao.

6. KUMBE KWAYA YENYEWE ILIKUWA INACHECHEMEA

Sasa turudi kwa siku yetu ya yenga. Wimbo tulioimba kila Mprotestanti anaujua. Maneno yake yaliandikwa na Joseph Scriven mwaka wa 1855, na sauti yake ilitungwa na Charles Converse mwaka wa 1868. Ni ule unaosema habari za Yesu kuwa rafiki. Kwa mwanzo wake kuna noti ndogo nne zinazofuatana, mbili kwa kila pigo. Kwa kitabu chetu zimeandikwa sawa.

Mmoja wetu alikuwa ameshika ubeti wa kwanza kwa telefone yake. Tulikaa chini ya ukuta wa mawe ya lava, nyuma ya darasa, tukausikiliza mara kumi, tukigonga KI-NU kwa magoti. Haikuingia. Tukagonga KI-NU-NI, na kuficha NU. Iliingia mara moja! Kwaya yote, soprano, alto, tenori na besi, ilikuwa inaimba ndefu-fupi, tangu siku nyingi, bila mutu kuifundisha. Ndivyo tulivyousikia kwa wazazi wetu, na ndivyo sauti za watu zinavyopumuzika.

Basi, mpiga batri alisema kweli. Alisikiliza ubeti wa kwanza, akasikia swingi, akaingia na swingi. Ni sisi wa gitare tulioingia na rumba ya sawa, kwa sababu mikono yetu imezoea rumba. Rumba haina kosa. Swingi haina kosa. Lakini tulitia mama wawili na mama watatu kwa kinu kimoja, kisha tukamlaumu yule aliyekuwa anatusikiliza. Na tulimlaumu upesi hivyo kwa sababu tulimwona kuwa mgeni.

Tulikwenda kwao siku ya posho. Tulimwambia: "Yaya, tulikosa. Ni wewe ulisikia." Alicheka kidogo, akauliza: "Na wale wengine wanajua?" Tulisema tutaandika. Ndiyo sababu ya karatasi hii.

7. MAZOEZI

Musisome tu. Fanyeni, wawili wawili ao watatu watatu.

(a) Tembeeni uwanjani. Kila hatua ni pigo moja. Semeni KI-NU kwa kila hatua, dakika moja. Kisha, bila kubadili hatua, semeni KI-NU-NI, dakika moja. Kama hatua zimebadilika, anzeni tena.

(b) Semeni KI-NU-NI, lakini NU iseme moyoni tu. Makofi kwa KI na NI. Mutu wa tatu aseme NU kwa sauti ndogo kuwaangalia ninyi wawili. Akiacha kuisema, muendelee. Swingi yenu itabaki pahali pake?

(c) Wapiga gitare: piga chini kwa KI, piga juu kwa sauti ya pili. Kwa sawa, mukono unakwenda kama mlango unaofunguka na kufunga. Kwa swingi, mukono unakaa chini kidogo kabla ya kupanda. Usipige kwa nguvu; sikiliza ile ya kupanda.

(d) Wapiga batri: shikeni mwendo mmoja wa mapigo 100 kwa metronomu ya telefone. Pigeni sawa kwa mizunguko minane, kisha swingi kwa minane, bila kusimama. Kisha ongezeni mpaka 200. Mutasikia ndefu na fupi zinakaribiana zenyewe. Muache zikaribiane.

(e) Waimbaji: chukueni wimbo wowote munaoujua. Muuimbe mara moja sawa, mara moja kwa swingi. Mutu mmoja akae mbali, aseme ni namna gani maneno yanasikilika vizuri. Maneno ndiyo yatawaambia wimbo unataka kutembea namna gani.

8. DESTURI MPYA YA KWAYA YETU

Tangu sasa tumepatana hivi. Kabla ya wimbo, mwongozaji hatahesabu tu "moja, mbili, tatu, nne". Atasema vipande vilevile: "moja-NU, mbili-NU" kama tunakwenda sawa, ao "moja... NI, mbili... NI" kama tunakwenda swingi. Vyombo vitanyamaza mizunguko miwili ya kwanza na kusikiliza sauti. Na kama kitu kinayumba, hakuna mutu atakayesema "fulani hajue". Tutauliza kwanza: "Tunatwanga wawili ao watatu?"

Siku ya yenga iliyofuata tuliimba tena wimbo uleule, kwa swingi. Gitare zilifuata batri, batri ikafuata sauti. Hatusemi ilikuwa bora kuliko zote, kwani tenori walishuka kidogo kwa ubeti wa nne, na wanajijua. Lakini tulifika mwisho pamoja, na wenzetu watano walikuwa ndani.

MASWALI

1. Wimbo una mapigo 90 kwa dakika. Kwa swingi ya mbili kwa moja, noti ndefu ina sehemu gani ya sekonde? Na noti fupi?
2. Kwa nini klave ya rumba inaharibika ukiipiga kwa swingi?
3. Kuna tofauti gani kati ya mdundo wa tatu-tatu na mdundo wa swingi? Tumia mfano wa kinu.
4. Watu wawili wana mapigo yaleyale, lakini wimbo unayumba. Utatafuta wapi kwanza?
5. Sikiliza nyimbo tatu nyumbani ao njiani. Andika kwa kila moja: sawa, swingi, ao tatu-tatu. Ulitambuaje?

Majibu mulete kwa mazoezi ya kwaya. Wasio wa kwaya nao wanakaribishwa, hata wale waliocheka.

Sisi wenzenu wa gitare.